Safari ya Kisangani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na hata Waswahili walioko ughaibuni huyarudia kila wakisikia mtu anataja Kisangani. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayowapata wachache. Ukiwa na haraka, soma angalau sehemu ya usalama na ile ya pesa.

## Mambo ya msingi

Kisangani iko wapi hasa?

Ni makao makuu ya jimbo la Tshopo, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, karibu kabisa na ikweta, katikati ya msitu wa mvua. Iko pale ambapo maporomoko ya Boyoma yanaishia na Mto Kongo unaanza kupitika kwa meli mpaka Kinshasa. Juu ya maporomoko watu huuita mto huo Lualaba, na chini yake ndipo unapochukua jina la Kongo. Enzi za Wabelgiji mji uliitwa Stanleyville; jina la Kisangani likawa rasmi mwaka 1966, ingawa wenyeji hawakuwahi kuliacha. Wao wenyewe wakiusifu mji wao husema Boyoma.

Kuna barabara, kuna mto, kuna uwanja wa ndege. Mbona mnauita mji uliojitenga?

Kwa sababu hata kimoja kati ya hivyo vitatu hakifuati saa. Ndege huahirishwa, meli huondoka ikijaa, na barabara hukatwa na tope. Watu wa mwambao wamezoea kuuliza ni kilomita ngapi. Kwa Kisangani uliza ni siku ngapi, kisha ongeza nyingine. Neno la Kilingala "lobi" lina maana ya kesho, na lina maana ya jana pia. Ukiambiwa meli inaondoka lobi, angalau una uhakika kwamba si leo.

Nitenge siku ngapi?

Siku kumi ndizo za chini, ukienda na kurudi kwa ndege: nne au tano za mjini, mbili za Yangambi, kituo cha utafiti kilicho msituni, na zilizobaki ni akiba ya kuahirishwa. Usiunganishe ndege ya kurudi Kinshasa na ile ya kimataifa ndani ya siku moja. Lala Kinshasa usiku mmoja, ikiwezekana miwili. Gharama ya hoteli ni ndogo kuliko ya tiketi iliyopotea.

Msimu gani ni mzuri?

Hakuna kiangazi cha kweli. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Januari na Februari hupungua, lakini hazikomi. Joto halibadiliki sana mwaka mzima, na unyevu ndio unaochosha. Anayetaka barabara za nje ya mji achague Januari. Anayetaka kupanda mto akumbuke kwamba maji yakipungua, mafungu ya mchanga huibuka na meli hukwama.

## Kufika

Njia rahisi ni ipi?

Ndege hadi Kinshasa kupitia Nairobi au Addis Ababa, halafu ndege ya ndani hadi uwanja wa Bangboka, nje kidogo ya Kisangani. Kinshasa na Kisangani zimetengana kwa zaidi ya kilomita 1,200 za angani, mwendo wa saa mbili hivi. Ndiyo, unaupita mji unaoutaka, unaenda magharibi mwa nchi, halafu unarudi mashariki. Inaudhi ukiitazama ramani, ila ndivyo usafiri wa Kongo ulivyofumwa.

Viwanjani utadaiwa ada ya abiria, ile wanayoiita Go Pass, mbali na bei ya tiketi. Weka dola mfukoni kwa ajili hiyo na uitunze risiti, kwani utaulizwa zaidi ya mara moja.

Si kulikuwa na njia ya Goma?

Ilikuwepo, na ndiyo iliyopendwa na watu wetu. Goma ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Ushauri wowote wa safari ulioandikwa kabla ya hapo kuhusu kupitia Goma uuweke kando.

Naweza kuendesha gari kutoka Uganda?

Kwenye ramani, ndiyo. Barabara ya taifa namba 4 inatoka upande wa Beni, inapita Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende hadi Kisangani, kilomita mia saba na zaidi. Malori huipita, na vijana wa pikipiki nao huipita wakiwa wamefunga magunia mpaka dereva haonekani. Lakini eneo la Beni na Mambasa limeshambuliwa mara nyingi na kundi la waasi la ADF, na raia wameuawa wakiwa barabarani. Usiende.

Na mto? Nimesikia ndiyo safari yenyewe.

Ni kweli, kwa mwenye muda. Kutoka Kinshasa ni karibu kilomita 1,700, kupitia Mbandaka, Lisala na Bumba. Usifikirie meli ya abiria yenye vyumba. Ni matishari yaliyofungwa pamoja mbele ya boti la kusukuma, na juu yake kuna kijiji kizima: wauza sabuni, vinyozi, mbuzi, majiko ya mkaa, watoto wanaozaliwa njiani. Mitumbwi hutoka vijijini na kujibandika ubavuni huku chombo kikienda. Samaki wa kukaushwa na mihogo hupanda, chumvi na nguo hushuka. Kwa wakazi wengi wa kingo hilo ndilo duka.

Kupanda kutoka Kinshasa huchukua wiki kadhaa. Kushuka ni haraka zaidi kwa kuwa mkondo unasaidia, hivyo ushauri wangu ni kwenda kwa ndege na, ukiwa na nguvu, kurudi kwa mto. Epuka yale maboti marefu ya mbao yanayoitwa balenieri, hasa usiku. Hujazwa kupita kiasi, hayana taa wala majaketi ya kuokolea, na ajali zake zimeua watu wengi kwenye mito ya Kongo.

## Hati na pesa

Kongo imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bado nahitaji viza?

Kongo ilijiunga mwaka 2022, lakini uanachama haujaufanya mpaka uwe kama Namanga. Masharti hutegemea pasipoti yako na yamebadilika mara kadhaa tangu hapo. Uliza ubalozi wa Kongo ulio karibu nawe kabla ya kununua tiketi. Hata kama pasipoti yako haidaiwi viza, beba barua ya mwenyeji au ya hoteli, na nakala tano au sita za ukurasa wa picha. Maofisa wa uhamiaji, DGM, hukagua hata abiria wa ndege za ndani. Nakala moja ukimwachia ofisa, mazungumzo hufupika.

Cheti cha homa ya manjano kinaangaliwa kweli?

Kinaangaliwa. Bila cheti huingii, au unachomwa hapo hapo kwa malipo. Chanjo huanza kuhesabiwa siku kumi baada ya kuchomwa, na tangu 2016 cheti ni cha maisha, kwa hiyo kile cha zamani kinatosha hata kama kimeandikwa miaka kumi.

Nibebe pesa gani?

Dola za Kimarekani, mpya na safi. Hapa watu wengi huumia. Noti yenye mpasuko mdogo, alama ya kalamu au mhuri hukataliwa, na hakuna hoja itakayomshawishi muuzaji. Kaa mezani nyumbani uzipitie moja moja kabla ya kusafiri. Kwa ndizi, maji na nauli utatumia faranga za Kongo, ambazo watu huziita "franga" au "makuta".

M-Pesa inafanya kazi?

M-Pesa ipo Kongo, chini ya Vodacom, na akaunti yaweza kuwa ya dola au ya faranga. Lakini laini yako ya Kenya au Tanzania haitakuwa nayo kama ulivyozoea nyumbani. Utahitaji laini ya huko, iliyosajiliwa kwa pasipoti. Airtel na Orange pia zina huduma zao.

Ni mji wa bei nafuu?

Si kama unavyodhania. Vya shambani na vya mtoni ni rahisi: mihogo, ndizi, samaki, mawese. Chochote kilichotoka kiwandani kimefika kwa tishari au kwa ndege, na bei yake inalipia safari hiyo.

## Lugha

Kiswahili changu kitanifikisha?

Kitakufikisha, na hii ndiyo raha kubwa ya safari. Kisangani ni pale Kiswahili cha mashariki kinapokutana na Kilingala cha magharibi, na watu wengi hutumia vyote viwili, mara nyingine ndani ya sentensi moja. Ofisini ni Kifaransa.

Kiswahili hakikufika hapa kwa redio. Kilikuja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliwekwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuwa gavana wa eneo hili la maporomoko mwaka 1887, na nyumba yake mpaka leo ipo Mji Mkongwe, Zanzibar. Lahaja iliyobaki iliitwa Kingwana, kutokana na waungwana. Mtu wa pwani akisimama sokoni Kisangani anasikia lugha ya nyumbani iliyokwenda mbali ikaoa huko. Lakini asisahau kwamba wenyeji wanaikumbuka pia misafara ile kwa minyororo yake.

Tofauti zipi zitanichanganya?

Upatanisho wa ngeli ni mwepesi kuliko wetu. Utasikia "iko" mahali pengi ambapo ungesema "ni" au "yupo", na "batu" au "batoto" badala ya watu na watoto. Kisamvu ni sombe. Pikipiki ni "moto", hivyo ukisikia mtu anaita moto barabarani, usikimbie, anatafuta bodaboda. "Jambo" huko ni salamu ya kweli, si ya watalii.

Saa ndiyo yenye mtego. Wengi huitaja kwa Kifaransa, kwa hesabu ya kizungu, na mtu akikuambia "saa mbili" usidhani moja kwa moja ni ile yetu ya asubuhi. Mwonyeshe saa yako. Zaidi ya hayo, Kisangani iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja, na Kinshasa iko nyuma ya miji hiyo miwili kwa saa mbili.

Niwaite watu vipi?

Mwanamume mtu mzima ni Papa, mwanamke ni Mama, hata kama ni ofisa aliyekushikia pasipoti. Aliyekuzidi kidogo ni Yaya, awe mwanamume au mwanamke. Anza na salamu na hali ya nyumbani, ndipo useme shida yako. Msafiri anayeanza na shida huambiwa asubiri.

## Mjini na nje ya mji

Nione nini kwanza?

Wagenia. Nenda asubuhi mapema kwenye poromoko la mwisho la Boyoma, ambalo ni moja kati ya saba yaliyotawanyika kwenye kilomita mia moja hivi kati ya Ubundu na Kisangani. Wavuvi wa Wagenia wamesimika magogo makubwa ndani ya mkondo, wakayafunga kwa kamba za mitambaazi ya msituni, na kuning'iniza humo vikapu vyenye umbo la tarumbeta. Maji yakimsukuma samaki ndani, hawezi kugeuka. Kazi hii hurithiwa ndani ya koo. Kutazama kuna ada. Patana na kiongozi wao kabla ya kutoa simu ya kupigia picha, na uulize bei ya kuvushwa kwa mtumbwi ikiwa ni ya kwenda na kurudi.

Baada ya hapo, tembea Makiso, mtaa wa katikati, uone kanisa kuu lililo kando ya mto, majengo ya Kibelgiji yanayoliwa na ukungu, na maduka ya wanunuzi wa almasi yenye picha za mawe ukutani. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta mji huu kabla ya siasa kumchukua. Jioni nenda kwenye Mto Tshopo, penye maporomoko na bwawa la umeme.

Nizungukeje?

Kwa moto, au kwa "toleka", baiskeli yenye kiti laini nyuma. Toleka ni Kilingala, maana yake "tupite". Ni polepole, ni tulivu, na dereva atakusimulia mji wote. Kwenda Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, ni kwa kivuko au mtumbwi, ila kwanza soma sehemu ya usalama.

Nitakula nini?

Lituma, ndizi zilizopondwa pamoja na mihogo, ndicho chakula cha kujivunia cha hapa. Kula na samaki wa liboke, aliyefungwa kwenye majani na kuwekwa juu ya makaa. Kuna sombe, kuna kwanga, yaani mkate wa mihogo uliofungwa kwenye majani, kuna makayabu, samaki wa chumvi, na viwavi vikiwa msimu wake; vina ladha nzuri kuliko sura yake. Waislamu wapo wengi, kwa hiyo nyama halali si shida ukiuliza.

Nyama ya porini utaiona sokoni waziwazi. Iache. Baadhi ya wanyama hao wanalindwa na sheria, na ukikutwa nayo mpakani ni kesi.

Nataka kuuona msitu wenyewe. Niende wapi?

Yangambi, karibu kilomita mia moja ukishuka mto. Wabelgiji walijenga hapo mwaka 1933 kituo cha utafiti wa kilimo kilichokuwa kati ya vikubwa kabisa katika nchi za tropiki. Leo kuna nyumba za matofali zilizomezwa na miti, maktaba, hazina ya mimea iliyokaushwa ya msitu wa Kongo, na tangu 2020 mnara unaopima hewa ukaa inayoingia na kutoka msituni. Omba ruhusa mapema kwa INERA, taasisi inayokisimamia.

Na okapi? Na bonobo?

Hifadhi ya Okapi, yule mnyama wa msituni wa jamii ya twiga, iko Epulu, jimbo la Ituri, kwenye ile ile barabara namba 4. Ni Urithi wa Dunia tangu 1996, na tangu 1997 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Waasi walishambulia kituo chake mwaka 2012, wakaua watu na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa. Kwa sasa jibu ni lile la barabara ya Uganda.

Bonobo, ambaye ni aina ya sokwe, huishi upande wa kushoto wa Mto Kongo tu, na sokwe wa kawaida upande wa kulia. Mto wenyewe ndio uliowatenga. Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa 2016, ina bonobo na pia lesula, tumbili aliyetambuliwa na sayansi mwaka 2012. Ni safari ya kupangwa kwa miezi, si ya kuongezea mwishoni mwa wiki.

## Afya

Malaria ni kali kiasi gani?

Ipo mwaka mzima. Wewe uliyekulia Kisumu au Tanga usijidanganye kwamba mwili umezoea, hasa kama umeishi mjini au Ulaya miaka mingi. Mwone daktari upate dawa ya kinga, lala ndani ya chandarua, na ukipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi, sema ulikokuwa.

Kitu gani kingine?

Maji ya chupa au yaliyochemshwa. Mpox: Kongo ndiyo iliyoathirika zaidi mlipuko ulipotangazwa dharura ya kimataifa Agosti 2024. Bima iwe inayolipia kusafirishwa kwa ndege, kwa kuwa ugonjwa mzito hautibiwi hapa. Dawa zako zote beba za kutosha mpaka siku ya kurudi na wiki mbili juu yake.

## Usalama na hali za pekee

Mji wenyewe ni salama?

Kisangani iko chini ya serikali na iko mbali na mstari wa mapigano, lakini Bangboka hutumiwa na jeshi pia, hivyo vita ya mashariki ikipamba moto safari za raia huyumba. Ng'ambo ya Lubunga, Wambole na Walengola wamekuwa na mgogoro wa ardhi tangu 2023 ulioua watu na kuwahamisha maelfu. Uliza mwenyeji wako siku ile ile unayotaka kuvuka. Usiku tumia dereva unayemjua.

Naweza kupiga picha?

Watu, ukiomba. Uwanja wa ndege, bandari, madaraja, bwawa la umeme, askari na majengo ya serikali, hapana. Ndege ndogo za kupigia picha usizibebe kabisa.

Mimi ni Mganda, au Mnyarwanda. Nitapokewaje?

Swali hili watu huliuliza kwa sauti ya chini, na wana haki. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku sita, na waliokufa zaidi ni raia. Kila mtu mwenye miaka zaidi ya thelathini ana lake la kusimulia. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile, na malipo kwa waathirika ni mazungumzo ya kila siku mjini.

Mganda mwenye adabu kwa kawaida hupita vizuri. Kwa Mnyarwanda, na kwa yeyote anayezungumza Kinyarwanda, hali ya sasa ni ngumu zaidi kwa sababu ya M23, na ningemshauri asiende mpaka mambo yatulie. Kwa wote wawili, siku za mwanzo wa Juni si za kuwa mgeni huko.

Ndege yangu imeahirishwa, na ya kesho nayo. Nifanyeje?

Nenda ofisi ya shirika la ndege mwenyewe, asubuhi, kila siku, usitegemee simu. Mjue karani kwa jina. Acha akiba ya dola mia kadhaa ambazo hukuzigusa kwa ajili ya mashirika mengine, kwani kiti cha ghafla hulipiwa taslimu. Mwambie mwenye hoteli asikipangishe chumba chako mpaka umpigie kutoka Bangboka ukiwa umeshaitwa kupanda. Mimi nimewahi kuaga vizuri kabisa, nikakumbatiwa, nikapewa na kuku wa njiani. Jioni nilirudi naye mkononi.